Nilimuuliza Mwenyekiti wa Kamati Swali Moja kwa Kimaa, Vetting Ikasimama Kajiado

Wakuu, salamu kutoka Kitengela, kwa vumbi na malori ya mchanga.

Leo zamu ni yangu, na hii si story ya jaba, ya kutunga. Yamenipata mimi mwenyewe, mchana, mbele ya room imejaa watu. Kama kuna member hapa alikuwa ndani siku hiyo, anisahihishe nikikosea.

Majina sitataja. Si uoga, mtasoma mpaka mwisho mjue kama mimi ni muoga. Sitaki tu mods wafungiwe forum juu yangu.

Kwanza mnijue. Mimi ni mwalimu wa chekechea, mama wa watoto wawili, Mmaasai wa kuzaliwa upande wa Isinya. Kazi yangu ni ya contract. Inaisha naomba tena, inaisha naomba tena. Permanent naisikia tu kwa watu.

Na si eti sijajaribu. Interview ya permanent nimekalia si mara moja wala mbili. Kila mara tunaambiwa matokeo yatabandikwa kwa ubao pale ofisi ya elimu. Tunaenda kuangalia, tunapata tangazo la chanjo ya mbwa. Wiki ijayo tunaenda tena, mbwa bado wako.

Halafu term moja nikaletewa mwalimu mpya nimuonyeshe kazi. Msichana mzuri, mpole, sina shida na yeye hata leo. Ameajiriwa permanent. Siku moja tukikunywa chai akaniuliza kwa roho safi kabisa, "Kwani hizo interview zenu zilikuwa zinafanyiwa wapi?"

Wakuu, hiyo chai sikuimaliza.

Yule mtu alikuwa anasimamia hizo interview tumuite Bwana Mkubwa. Suti safi, fimbo ya wazee mkononi, kanisani anakaa mbele. Ukimuuliza matokeo anakuambia "process iko on course." Hiyo process ilikuwa on course mpaka nikazaa mtoto wa pili.

Sasa juzi hapa tunafungua gazeti, tunaona jina la Bwana Mkubwa. Amependekezwa kukalia bodi ya kuandika watu kazi. Si interview za chekechea tena, ni kazi zote. Manesi, makarani, madereva, watu wa maji. Fisi amepewa bucha, na apron juu.

Chini ya hilo tangazo kulikuwa na mistari midogo, ile sisi wote tunarukaga tukitafuta habari za mpira. Ilisema mwananchi yeyote aliye na pingamizi alete kwa karani wa bunge la kaunti, chini ya kiapo, kabla ya siku ya vetting, yaani kuhojiwa na kamati ya bunge.

Mwananchi yeyote. Nikasoma mara ya pili. Nikaona hakuna mahali wameandika "isipokuwa mwalimu wa contract."

Nikaenda kwa wakili mmoja hapa Kitengela, ofisi iko juu ya duka la dawa za ng'ombe. Nikasema yale najua, na yale sijui sikuongeza. Kwamba tulifanya interview, matokeo hayakutolewa, na watu ambao hawakukalia interview wakapewa kazi. Yule wakili akaniuliza kama niko sure. Akauliza tena kama bwana yangu anajua. Nikamuuliza kwani ni bwana ndio anaapa. Akapiga stamp, nikaipeleka kwa karani wa bunge.

Haikupita siku nyingi headteacher wetu akaniita nyuma ya tanki ya maji. Huyo ni mama mzuri, amenifunza mengi, lakini siku hiyo aliongea akiangalia viatu vyake. Alikuwa amepigiwa simu. Aliambiwa contract yangu iko mezani inangoja sahihi. Nikiiondoa ile pingamizi, itasainiwa. Nikikataa, nisishangae.

Nikamwambia, "Madam, waambie wailete kwa maandishi."

Akacheka, lakini cheko ya mtu ameshtuka. Simlaumu. Naye ako na wakubwa wake.

Msidhani sikuogopa. Niliogopa sana. Watoto wanakula, mama yangu ako na sukari na dawa zake hazingoji haki ya mtu. Nilikaa kwa kitanda nikajiambia, wewe, una kiherehere gani, si kila mtu anajua hii nchi inaendaje?

Halafu nikakumbuka lile swali la chai. Hasira ikiingia mahali pake, woga inakosa pa kukaa. Sikuiondoa ile pingamizi.

Siku ya vetting nilifika Kajiado mapema hata mlango haujafunguliwa. Nikakaa kwa kibanda cha chai kando ya geti, shuka imefunika kichwa juu ya baridi. Hapo ndio mambo ilianzia.

Mwenyekiti wa kamati akafika. Namjua kwa sura, mzee mheshimiwa, rika moja na marehemu baba yangu. Kidogo gari ingine ikasimama, akashuka Bwana Mkubwa. Hawakuniona, na hata wangeniona, mama amejifunika shuka kwa kibanda ni nani?

Mwenyekiti akasema, "Pakiteng."

Bwana Mkubwa akajibu, "Pakiteng."

Wakashikana mkono, wakaachana haraka, kila mmoja akaingia na mlango wake.

Sasa wale si Wamaasai, tulieni hapa kidogo niwaeleze. Kwetu mwanaume akimpa rafiki yake ng'ombe dume, ile zawadi ya moyo, majina yao yanakufa siku hiyo. Kuanzia hapo wanaitana Pakiteng. Angekuwa ni kondoo wangeitana Paker. Wanaitana hivyo sokoni, matangani, mbele ya wakwe, mpaka kaburi. Kumuita kwa jina lake tena ni matusi.

Na ng'ombe hapewi mtu umekutana naye kwa semina. Huyo ni mtu mnalala kwa boma ya kila mmoja, watoto wake ni wako, akianguka unasimama na yeye. Si hongo, msinielewe vibaya. Ni undugu wa kuchagua, na mimi nauheshimu. Baba yangu alikuwa na Pakiteng wake, na ndiye alitushika mkono wakati tulimzika.

Lakini sasa undugu huo ndio unaenda kumhoji ndugu yake kama anafaa kazi. Nikaacha chai hapo.

Vetting ikaanza. Bwana Mkubwa akaapa na Biblia juu. Wakamuuliza masomo yake, wakamuuliza maono yake, akajibu Kizungu ya kuteleza. Halafu makamu wa mwenyekiti, mama mmoja mkaaji wa Rongai, akamuuliza lile swali wanaulizaga kila mtu: uko na uhusiano wowote wa karibu na member yeyote wa hii kamati?

Akasema hapana. Akasema anawajua tu vile mwananchi anawajua waheshimiwa wake.

Nikaangalia mwenyekiti. Alikuwa ameinamisha kichwa anapanga makaratasi ambayo tayari yamepangwa.

Wakasoma pingamizi yangu. Bwana Mkubwa akatabasamu, akasema hizo ni hisia za watu walikosa nafasi, na matokeo yalikuwa yanatolewa "internally." Watu wengine wakacheka. Nilisikia uso ukichomeka.

Mwenyekiti akaniita nithibitishe kama ile kiapo ni yangu. Nikasema ni yangu. Akauliza kama niko na la kuongeza, na iwe fupi.

Wakuu, nilikuwa nimejipanga na Kizungu yangu yote. Accountability, transparency, yote nilikuwa nimekariri. Nikaangalia yule mzee, Kizungu ikatoka kwa kichwa yote.

Nikainamisha kichwa vile mtoto anasalimia mzee. Nikamuuliza kwa Kimaa, polepole, "Papa, huyu mzee amekaa mbele yako, wewe unamuita nani?"

Karani akanikatiza, akasema niongee lugha wanaweza kuandika. Nikarudia kwa Kiswahili, neno kwa neno.

Nusu ya watu walikuwa wameelewa na nusu walikuwa wanauliza majirani. Bwana Mkubwa akageuka kunitazama, na ile tabasamu ilikuwa imeenda.

Mwenyekiti akashika miwani yake. Nilijua angeweza kusema swali halihusu, nikae chini, na mchezo ungeishia hapo. Sheria ilikuwa mkononi mwake.

Na hapo ndio Bwana Mkubwa akafanya kosa. Nafikiri hakuna adui angemfanyia lile alijifanyia mwenyewe. Hakungoja mzee ajibu. Alishika mic akasema kwa haraka, "Honourable members, kama ni ile Pakiteng, hiyo ni nickname tu. Watu wengi huku wanaitana hivyo."

Nickname.

Mzee mmoja nyuma yangu alitoa sauti kwa koo, ile ya mtu ameona ng'ombe akipigwa jiwe. Hata mimi, niliyemkasirikia huyo mtu miaka yote hiyo, nilimuonea haya.

Mwenyekiti akatoa miwani. Akamuangalia rafiki yake muda mrefu. Halafu akasema kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie na karani aandike:

"Yule ng'ombe nilimtoa kwa zizi ya baba yangu. Hakuwa nickname."

Akasimama. Akamwambia makamu wake achukue kiti, kwa sababu yeye hafai kuamua mambo ya huyu mtu, na angepaswa kusema asubuhi. Akachukua fimbo yake akatoka. Hakuangalia nyuma na hakuniangalia mimi.

Yule mama wa Rongai alikuwa bado haelewi vizuri. Member mmoja akamueleza mambo ya ng'ombe, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamrudia Bwana Mkubwa na swali moja, kama anakumbuka ameapa. Akaanza kueleza utamaduni. Akaambiwa hajaulizwa utamaduni.

Baada ya hapo maswali yakafunguka. Wale walikuwa wamenyamaza wakapata mdomo. Matokeo yako wapi? Nani aliyaona? Huyo mwalimu alipewa kazi alifanya interview na nani? Ile "internally" yake ilirudishwa kwake mpaka akaitisha maji.

Jina lake lilikataliwa. Ripoti ilisema alidanganya kamati chini ya kiapo. Kumbe kwa interview zetu angeponyoka, lakini kwa ng'ombe hakuponyoka.

Sasa msianze kunipigia makofi, kwa sababu contract yangu haikusainiwa.

Hakuna mtu aliniandikia barua. Nilifika term mpya nikapata jina langu haliko kwa orodha ya walimu. Headteacher akanishika mkono akalia, mimi sikulia. Yule msichana mpya ndiye anashika darasa sasa. Alinipigia akaniambia anasikia vibaya. Nikamwambia afundishe watoto vizuri, hiyo ndio deni yake kwangu.

Kuna watu wa ukoo walinikalia kikao. Eti niliaibisha mzee, mtoto wa kike haulizi mzee maswali mbele ya watu. Wengine wakasema niende niombe msamaha, na pengine nirudishiwe kazi. Niliwaambia hivi: nitaomba msamaha siku mtu atanionyesha uongo niliosema. Mpaka leo hakuna ameleta.

Lakini yule mzee mwenyewe, roho ilikuwa inanisumbua. Hadi siku moja nikaenda soko ya mifugo Kajiado kuuzia mama mbuzi, nikamuona amesimama kwa ua na wazee wenzake. Nilitaka kupitia upande ule mwingine. Akaniita.

Nikaenda nikainamisha kichwa. Nikangoja aninyime mkono. Akaniwekea mkono kichwani vile inatakikana, akaniuliza habari ya mama, akamuangalia mbuzi akasema amekonda.

Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Ungeniuliza kwa Kizungu, ningekudanganya."

Nikamuuliza kama bado wanaitana Pakiteng. Akaangalia mifugo, akasema ng'ombe harudishwi. Sikuuliza tena.

Ndio nimejifunza hii, wakuu. Hizi vetting tunazicheka kwa TV ati ni sarakasi, na nyingi ni sarakasi kweli. Lakini mlango uko wazi na iko imeandikwa mwananchi yeyote. Wakubwa wanategemea tu kwamba wewe hutaenda. Wamejiandaa kwa wanasheria, wamejiandaa kwa waandishi. Hawajajiandaa kwa mtu anawajua kwao, anajua wanakula kwa nani na wanaitana nani. Huyo mtu ni wewe, kwa kila kaunti na kwa kila kabila.

Wale mtasema nilikosea adabu kwa mzee, andikeni hapa chini, nitawajibu mmoja mmoja na sitakasirika sana. Na kama kuna mtu ashawahi peleka pingamizi kwake, atuambie ilimuendea aje, kwa sababu mimi nilikuwa nadhani niko peke yangu.

Nafasi za chekechea zimetangazwa tena. Nimeomba, kwa majina yangu yote matatu, nisijifiche. Na nimewaambia pale ofisini nikipeana makaratasi: hii mara matokeo yasomwe nje, na marks zake. Sitaki kusaidiwa. Nikikosa, nikose mbele ya watu.