Parapanda na Mkwewe kwa Fundi wa Matarumbeta

Mtaa mzima ulimwita Parapanda, naye aliitika. Jina lilianza kwa utani, enzi zile alipokuwa msichana anayejifunza kupuliza tarumbeta nyuma ya nyumba, majirani wakitoka nje kuuliza kama ndiyo kiyama kimefika. Sasa alikuwa bibi wa wajukuu, mshona sare za shule mwenye cherehani mbili, na jina lilikuwa limemganda. Watoto wa watoto aliowashonea zamani walimwamkia, "Shikamoo, Bibi Parapanda," bila hata kujua kwamba ndani yake kulikuwa na kichekesho.

Kila Jumamosi alasiri alifunika cherehani, akanawa mikono, akaenda kupiga na bendi ya mji. Tarumbeta alilotumia lilikuwa la bendi, na lilikuwa limepita mikononi mwa watu wengi kabla yake. Lilijaa viraka vya lehemu kama suruali ya mtoto mtundu, na kibonyezo kimoja kilikwama kila hewa ilipobadilika. Halafu kwenye harusi moja, katikati ya wimbo wa kumwingiza bibi harusi, mrija ukachomoka, ukadunda sakafuni, ukabingirika mpaka chini ya shela. Bibi harusi alicheka hadi wanja ukamchirizika. Parapanda naye alicheka. Lakini alipofika nyumbani alikaa na lile tarumbeta mapajani kama mtu aliyepakata mgonjwa.

Watoto wake hawakungoja kuombwa. Walizungumza wao kwa wao, wakachanga, wakamwambia: safari hii unanunua la kwako mwenyewe, jipya, lililotengenezwa kwa mkono, na usianze kutuambia eti wajukuu kwanza. Binti yake mkubwa ndiye angemsindikiza kwa fundi. Asubuhi ya safari, hospitali alikofanya kazi wakamwita ghafla.

"Utakwenda na mume wangu, mama," alisema mbiombio huku akitafuta kiatu cha pili. "Gari analo, na leo yuko likizo."

Parapanda akanywea. Si kwamba mkwe alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mwema kupita kiasi, na hapo ndipo penye shida. Alikuwa karani wa bima, shati limenyooshwa pasi hata siku ya mapumziko, na alizungumza kana kwamba kila neno litapigwa muhuri. Mbele ya mama mkwe hakuwa na maoni. Mchuzi ukizidi chumvi: "Mzuri sana, mama." Suruali aliyoshonewa ikimbana hata asiweze kuketi: "Imenikaa vizuri sana, mama," amesimama wima kama nguzo. Tangu amwoe binti yake, Parapanda hakuwahi kujua mtu huyu anapenda nini na anachukia nini. Na leo ndiye angekuwa mshauri wake.

Karakana ilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi. Ngazi zilinuka mpira, lakini mlango ulipofunguliwa ikawapokea harufu ya mafuta, lehemu ya moto na shaba iliyotoka kupigwa msasa. Ukutani yalining'inia madomo ya matarumbeta ambayo bado hayajapata mwili. Fundi, mtu mnene mwenye aproni ya ngozi, alikuwa akigonga bati la shaba juu ya chuma kilichochongoka, nyundo ikishuka taratibu kama mtu anayebisha hodi kwa wakubwa.

"Karibuni, karibuni! Nani kati yenu mpulizaji?" aliuliza, macho yakiwa kwa mkwe.

Mkwe akarudi nyuma.

"Ni mimi," Parapanda akasema. "Hata kwenye simu nilikuwa mimi."

"Lo, samahani, mama! Kwa sauti ile nzito nilidhani nitapokea mwanamume mrefu wa kuinama mlangoni."

Wakacheka, na fundi akatandaza kitambaa cha kijani mezani, akaweka juu yake matarumbeta matatu. La kwanza lilikuwa jembamba, limepakwa fedha. La pili lilipakwa dhahabu, na maua yamechongwa kuzunguka domo lake. La tatu halikupakwa kitu. Lilikuwa shaba tupu, la hudhurungi, zito kama pasi ya mkaa.

Parapanda alichomoa kwenye pochi kipulizio chake, kile kikombe kidogo cha kuwekea midomo, kilichofungwa kwenye leso. Hicho kilikuwa chake siku zote, na hakukiazima kwa mtu. Akakichomeka kwanza kwenye lile la dhahabu. Atafanyaje, macho yalishapenda! Akapiga noti za chini, akapanda ngazi moja moja, akashuka. Chumba kikajaa. Vibonyezo vilikwenda na kurudi kama vimepakwa siagi.

"Waonaje, mwanangu?" akamgeukia mkwe.

"Zuri sana, mama."

Akapuliza la fedha.

"Zuri sana, mama."

Akapuliza lile zito.

"Nalo pia, mama. Zuri sana."

Fundi akakuna shingo. "Mama, huyu shahidi wako atatuchelewesha. Sikiliza: wewe uko nyuma ya sauti. Domo linatazama mbele, sauti inakwenda mbele, unachosikia wewe ni kilichobaki. Lazima mtu akae kule inakofika, aseme kweli. Mimi siwezi, haya yote ni watoto wangu."

Basi mkwe akapelekwa mwisho wa korido, akakalishwa kwenye kigoda, uso ukutani ili asione lipi linapulizwa. Kabla hajakaa, Parapanda alimsogelea, akashusha sauti.

"Mwanangu, umeniheshimu miaka yote na nashukuru. Leo nakuomba unikosee adabu."

"Mama, mimi siwezi..."

"Utaweza. Nikiondoka hapa na tarumbeta baya, nitalipuliza kila siku chini ya dirisha lako."

Akarudi mezani, akapuliza. Mkwe alishika magoti, shingo imemlowa jasho.

"Sema!"

"Hilo, mama... ni zuri... lakini..." Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuruka mtoni. "Linalia kama mbuzi aliyefungiwa ndani ya pipa."

Nyundo ya fundi ikaning'inia hewani. Parapanda alitazama tarumbeta mikononi mwake. Ni lile la dhahabu. Alitazama maua yake, akatazama mgongo wa mkwe uliokuwa umekakamaa ukingoja hukumu, na kicheko kikamtoka. Alicheka hadi akatafuta kiti. Fundi akacheka. Kule mwisho wa korido mabega ya mkwe yakaanza kutikisika, na Parapanda akagundua kwamba hajawahi kumsikia akicheka. Alikuwa na kicheko chembamba cha kupandapanda, kama cha msichana.

"Endelea hivyohivyo," akamwambia huku akifuta macho.

Baada ya hapo mkwe hakukamatika. Neno moja lilivuta jingine. La fedha akasema linazungumza vizuri, kila neno linasikika, ila juu kabisa linakuwa kali kidogo. Lile zito akasema lina sauti kama ya mtu aliyeshiba, inayokuja taratibu na kukaa. "Hilo ndilo zuri kuliko yote, mama. Lakini ukilipuliza muda mrefu unaanza kusikika umechoka."

Parapanda alilitua lile zito mezani. Ni kweli. Midomo ilikuwa imeanza kumuuma na mkono wa kushoto umeanza kulemewa. Akaliinua tena lile la shaba tupu, akapuliza wimbo wa polepole, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa ajili yake tu. Chini, kwenye duka la matairi, nyundo na kelele zikanyamaza. Alipomaliza aliliweka kitambaani, akalipapasa mgongoni.

"Ungenipata nikiwa na umri wa binti yangu," akaliambia, "tusingeachana."

Halafu akachukua la fedha, akapuliza wimbo wa maandamano, ule wa kasi ambao bendi huupiga ikizunguka mji mzima. Likaitika kabla hajamaliza kuomba. Pumzi ilitosha, mkono haukulalamika. Akaupiga mara ya pili kwa mbwembwe, mwili ukiyumba, na zile noti za juu zilizokuwa kali akazilainisha mwenyewe kwa kulegeza midomo. Mkwe aligeuka kwenye kigoda bila ruhusa.

"Hapo, mama! Hapo hapo!"

"Hili," Parapanda akamwambia fundi. "Nalichukua hili."

Fundi alimtazama anavyolishika, akaona kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, kilichopinda kwa miaka ya mkasi na sindano, hakifiki vizuri kwenye kishikio. Akawaomba wangoje, awashe moto asogeze kishikio hicho. Wakakaa dirishani wakinywa chai, na mazungumzo ambayo hayakuwahi kuwapo yakaanza yenyewe. Kumbe mkwe hapendi vitunguu vibichi. Kumbe suruali zote alizoshonewa zilimbana.

"Zote?"

"Zote, mama. Nyingine nimempa mdogo wangu."

"Na siku ya harusi yenu, nilipowapigia pale mlangoni?"

Mkwe alikitazama kikombe chake. "Nilidhani gari limegonga ukuta, mama."

Parapanda alipaliwa na chai. Ilibidi mkwe ampigepige mgongoni, naye alifanya hivyo bila kusita.

Jumamosi iliyofuata bendi ilifanyia mazoezi uwanjani, chini ya anga nyeupe. Tarumbeta la fedha lilipita mkono kwa mkono kabla hata ya wimbo wa kwanza. Mpiga ngoma alijitazama kwenye domo lake, akanyoosha masharubu. Kiongozi wa bendi, asiyesifu mtu, alimwambia Parapanda asogee mstari wa mbele, kisha akainua fimbo yake.

Binti alikuwa ametoka kazini, bado na sare, akaja kusimama pembeni karibu na mumewe. Bendi ilipoanza kuondoka, mguu wa kushoto, mguu wa kulia, sauti ya mama yake ilitangulia juu ya nyingine zote, safi, ya kuchekacheka. Binti alifungua mdomo kusema kitu, lakini mumewe alimwinulia kidole.

"Ngoja kwanza," alisema. "Msikilize mama."

Na akaanza kutembea kandokando ya bendi, hatua chache mbele yake, ili domo la lile tarumbeta limwelekee yeye.