Picha Nne Kutoka Kiwanja

Redioni kwetu Murara, mjini Goma, tulikuwa na desturi moja ambayo mgeni angeicheka. Mkurugenzi wetu alikuwa mtu wa safari, leo Beni, kesho Butembo. Kabla ya kuondoka alikuwa anatia sahihi na muhuri kwenye karatasi kadhaa tupu, anazifungia kwenye droo, na ufunguo ananiachia mimi. Barua ikihitajika, naiandika juu ya sahihi yake. Sisi tuliita hiyo kuaminiana.

Ulipotangazwa mkutano mkubwa wa kimataifa katika hoteli moja kando ya ziwa, kuhusu watu waliokimbia vita na mashamba waliyoyaacha, kila redio ndogo ilipewa nafasi moja tu ya mwandishi. Mkurugenzi alipiga simu kutoka Butembo: aende yule mama wa kipindi cha wakimbizi. Hapakuwa na ubishi. Mimi nilikuwa msomaji wa matangazo ya vifo na ya vitambulisho vilivyopotea. Yeye alikuwa amemaliza miaka kambini, akirekodi sauti za wanawake, na alikuwa na swali moja alilotaka kuwauliza wakubwa ana kwa ana. Alinisomea mara nyingi hata nikalikariri: siku wanawake hawa watakaporudi kwao na kukuta mtu mwingine analima shamba lao, waende kwa nani, na huyo nani atawasikiliza?

Siku hizo alikuwa Kiwanja kwenye kilio cha shangazi yake. Akapigwa picha za kibali huko huko, akampa mwendesha pikipiki bahasha yenye picha nne na nakala ya kadi yake ya mpiga kura, kisha akanipigia simu.

"Mudogo wangu, dossier yangu ni ile inakuja. Banafunga vendredi, saa sita. Usinisahau."

"Yaya, usiwe na wasiwasi," nilimjibu, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu.

Na nilimaanisha, naapa. Ijumaa asubuhi, bahasha yake ikiwa tayari mfukoni mwangu, nilichukua karatasi moja kwenye droo nikaandika barua yote, isipokuwa jina. Nilijiambia nitalijaza nikifika. Hapo ndipo ningepaswa kujishtukia.

Penye ofisi ya vibali palikuwa na foleni. Kila aliyetoka alitoka na beji shingoni, na walinzi waliokuwa wakitufokea walimfungulia geti na kumwita papa journaliste, bwana mwandishi. Niliwatazama wenzangu wakipita kifua mbele, nikaona wivu, wivu wa kitoto kabisa. Kwenye pochi yangu nilikuwa na picha zangu mbili ndogo na nakala ya kadi yangu, maana Goma mtu anayetafuta maisha hatembei bila hivyo. Nikaegemeza barua ukutani, nikaandika jina langu.

"Papa, ni weye unaenda mu mukutano?" aliuliza karani.

"Ni miye."

Sikutetemeka hata kidogo, na hilo linaniudhi hadi leo. Bahasha ya Kiwanja haikutoka mfukoni.

Nikampigia simu yaya. Nilimwambia ofisi imekataa picha zake, kwamba nyuma yake si peupe inavyotakiwa, nami nimeweka zangu ili redio isipoteze nafasi.

"Ni ile drap ya photographe," alisema, akimaanisha shuka la mpiga picha. "Alitundika drap nyuma yangu, nikamuambia iko chafu, akakatala. Pole, mudogo. Nimekusumbua bure. Basi uulize weye ile swali yangu. Nitakusikiliza mu redio."

Yeye ndiye aliyeniomba radhi! Mkurugenzi naye, nilipomweleza uongo ule ule, alinisifu kwa akili ya haraka. Kesho yake nilipita kwenye maduka ya Birere beji ikining'inia nje ya shati, nikinunua sabuni nisiyoihitaji, ili nionekane tu.

Ukumbini nilikaa safu ya nyuma. Matangazo yalikuwa yanaenda moja kwa moja hewani. Kipaza sauti kilipofika kwangu nikasimama, na wakubwa wote wakanigeukia. Swali lilikuwa mdomoni, neno kwa neno. Lakini niliogopa wasije wakauliza lingine juu yake, wakagundua kwamba sijawahi kukanyaga kambi hata moja. Nikawashukuru kwa mapokezi mazuri, nikauliza mkutano ujao utafanyika lini. Watu wakacheka kidogo, nami nikacheka nao. Nilipokaa nilitamani ardhi ipasuke.

Yaya alirudi wiki iliyofuata. Nilijifanya nina kazi nyingi, nikainamia makaratasi.

"Nilikusikia," alisema.

Nilingoja anitukane. Ningepumua. Yeye akafungua mkoba, akatoa picha nne mpya alizopigwa studio, hapo hapo Murara.

"Chunga hizi mu droo yako. Hii nyuma ni nyeupe kabisa. Siku ingine batazikubali."

Alipotoka nilifungua droo. Bahasha ya Kiwanja, niliyoificha humo siku ile ile, ilikuwa chini ya karatasi zenye muhuri, na ndiyo kwanza nikaifungua. Nikaziweka picha zake mezani, za Kiwanja na za studio. Amevaa kitenge kile kile, amekaza uso vile vile. Shuka la Kiwanja lilikuwa jeupe, halina hata doa.

Nimezitunza zote nane. Yeye hadi leo, akituma dosie ya maombi popote, huwakumbusha wapiga picha wabadilishe shuka.