Kumsimulia Sinema Mzee Asiyeona

Wahindi wangu wa kwanza walikuwa wa kwenye televisheni. Kwetu Morogoro wenye maduka walikuwapo, na nilitumwa sukari kwao kila mara, lakini hao sikuwahesabu kuwa Wahindi kamili kwa sababu hawakuimba. Wahindi kamili walikuwa kule kibanda umiza, chumba cha mabati chenye mabenchi na televisheni moja, ambako kaka mmoja wa mtaani alishika kipaza sauti akitutafsiria filamu. Kihindi hakukijua. Nadhani wote tulilifahamu hilo na hakuna aliyejali. Aliangalia midomo ya waigizaji, akasikiliza muziki, akatupa hadithi kwa Kiswahili, na hadithi yake ilikuwa tamu. Mama mwenye hasira daima alikuwa mama mkwe. Mwenye masharubu alikuwa mnyang'anyi wa mashamba.

Haya nayaandika kwenye simu, ndani ya treni, kwa hiyo yakikosa mpangilio nisamehewe. Shule niliishia darasa la saba, na cheti cha kuhudumia wazee nilikipatia hapa Sydney, ukubwani. Historia ya India siijui. Ninachojua nilielezwa na mzee mmoja wa Seven Hills, mtaa wa hapahapa Sydney, na mzee huyo naye alikuwa na upande wake, kama mtu yeyote.

Kampuni ya huduma za nyumbani ndiyo iliyonipeleka kwake. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumpa dawa, kumchemshia chai na kukaa naye mchana mpaka binti yake arudi kutoka ofisini. Nilimwita Anko, kama tunavyowaita wazee wengi wa Kihindi hapa. Yeye aliniita beti, yaani binti. Macho yake yalikuwa yamekwisha, akabakiwa na mwanga na kivuli tu. Na maisha yake yote ya kazi alikuwa mwendesha mashine za sinema katika ukumbi mmoja wa mji mdogo, kaskazini ya India. Nilipoambiwa hilo niliwaza kwamba Mungu ana utani, halafu nikatubu.

Mchana mmoja aliniomba nimwekee filamu ya zamani. Nikauliza kwa upole ataitazamaje.

"Maneno nayasikia," akasema. "Wewe niambie picha."

Basi tukawa hivyo. Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuungaunga. Yeye alikuwa na maneno bila picha, mimi picha bila maneno, na tukiweka pamoja ilipatikana filamu moja, ingawa yenye viraka. Nilisimulia kwa namna niliyoijua, ile ya kibandani. Haikuchukua muda nikaumbuka. Mwanamke aliingia polepole, kavaa sari nyeupe tupu, mikononi hana bangili hata moja.

"Sasa anaingia bibi harusi," nikasema.

Anko akageuza kichwa. "Bibi gani?"

"Bibi harusi, Anko. Kavaa nyeupe."

"Beti, mume wake amekufa sasa hivi. Hukusikia vilio?"

"Nilisikia. Nilidhani wanalia kwa sababu wanamtoa binti yao."

Alicheka mpaka akakohoa, nikamshikia kikombe. Kisha akanieleza kwamba kwao nyeupe ilikuwa ya mjane. Mume akifa, mwanamke huvunjwa bangili, huvuliwa rangi zote, na hubaki hivyo. Nikawakumbuka wale wanawake wote wa kibandani waliovaa nyeupe. Kaka yetu aliwaoza wote. Wengine walikuwa vikongwe, nasi tuliwapigia vigelegele.

"Kuanzia leo," Anko akasema, "sema rangi. Usiseme harusi. Harusi nitaijua mwenyewe."

Nikajifunza kusema rangi. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, maana mdomo wangu hupenda kukimbilia maana kabla jicho halijamaliza. Nikisema "ana huzuni" alinikatiza: huzuni iko wapi, mkononi au usoni? Basi nikasema kwamba anakunja ncha ya nguo yake na kuikunjua.

Katikati ya filamu alinipa habari za kwao. Shangazi yake alivaa nyeupe tangu usichana mpaka kaburi, lakini siku hizi, mijini hasa, wajane wengi huvaa rangi na wengine huolewa tena. Nikamuuliza kama sinema ndiyo iliyowabadilisha. Akasema mara nyingine sinema huwavuta watu mbele, na mara nyingi zaidi huwakimbilia kwa nyuma ikisema nisubirini.

Alinieleza pia jinsi filamu zilivyofika kwa treni ndani ya masanduku ya bati, nakala moja ikigawanywa kati ya kumbi mbili. Nusu ya pili ikichelewa, alirudia nyimbo za nusu ya kwanza na watu wakarusha maganda ya karanga kwenye pazia. Taa ya mashine iliwaka kama ya mchomelea vyuma, na yeye alifanya kazi bila shati. Wazee waliomtangulia walimwambia kwamba zamani za Waingereza picha ya mfalme ilionyeshwa na watu wote wakasimama. Enzi ya Anko ilikuwa bendera yao wenyewe. Kisha zikaja kanda za video na watu wakabaki majumbani. Zikaja nyaya za televisheni zilizopita juu ya mapaa nyumba hadi nyumba. Mwisho filamu zikawa zinashuka kutoka angani kwa setilaiti, na kazi yake ikawa kubonyeza kitufe. Alinionyesha kidole hicho kimoja. Sikumwona kuwa na uchungu, au alikuwa nao akauficha. Siwezi kusema.

Lakini jambo moja alilisema wazi kila wiki. Alitaka kurudi India, si kuishi, bali kukaa tena ndani ya ukumbi ule filamu ikionyeshwa, hata kama ni kusikiliza tu. Binti yake alimjibu: mwakani, Baba. Kila asubuhi Anko aliniuliza tarehe. Nilidhani ni usahaulifu wa uzee, mpaka nilipoelewa kwamba anaihesabu safari.

Siku moja binti yake aliniita jikoni, akafunga mlango. Akaniambia ukumbi haupo. Kuta za nje zimebaki, ndani umebomolewa miaka kadhaa sasa ukafanywa jengo la maduka. Baba yake hajui. Daktari amekataza safari ndefu kwa ajili ya moyo wake. Mpwa wa mzee anayeishi kule atatuma video ya pale, na mzee akitaka asimuliwe, niseme ukumbi uko kama alivyouacha.

"Mama alipofariki aligoma kula," akasema. "Sasa anaishi kwa ajili ya kile kiti cha ukumbini. Nikimwondolea, atabaki na nini?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Nisimwonee dada huyu: yeye ndiye aliyeamka mzee alipokohoa, yeye ndiye aliyeijua hali yake. Mimi nilikuwa mtu wa zamu.

Jambo lile nilirudi nalo nyumbani Lidcombe, ambako naishi na mama mmoja Mkongomani wa Uvira anayefanya kazi ghalani. Nilimweleza bila kutaja mtu. Aliendelea kukoroga ugali.

"Weye dada utapoteza kazi juu ya nyumba ya sinema yenye hata haiko?" akasema. "Kwetu mgonjwa hatumuambiake vyote. Ule ni baba yake. Siyo wako."

Nilimwona ana haki. Tena nilijiuliza, kaka wa kibandani hakutudanganya miaka yote, na hatukutoka pale na furaha? Ila kaka yule hakuna aliyemtegemea kwa macho; kila mtu alikuwa na yake. Anko aliniamini kwa macho yangu. Sijui kama tofauti hiyo ni kubwa kama nilivyoihisi.

Video ikaja. Binti alimwekea mzee kwenye tableti yake asubuhi kabla ya kwenda kazini. Baada ya chai Anko akaniambia niifungue. Nikafungua, picha ikaanza kwenda, na chumba kikawa kimya.

"Weka sauti, beti."

"Haina sauti, Anko."

Aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mashine. "Mpwa wangu hajanyamaza tangu azaliwe," akasema. "Nani ameitoa?"

Nikasema sijui. Mahakamani ningeshinda kwa jibu hilo.

"Basi niambie picha."

Maneno yote yalikuwa tayari mdomoni: pazia jekundu, ngazi pana, safu za viti. Nilishaelezwa kila kona ya ukumbi ule na yeye mwenyewe, ningemrudishia vyake asigundue. Nilimwazia binti yake na nilichomkubalia jikoni. Halafu nikamtazama mzee, ameshika mikono ya kiti kwa nguvu, na nikajua kwamba tayari ameanza kuogopa, na kwamba nikimdanganya ataogopa peke yake.

"Naona jengo la rangi ya chungwa," nikasema. "Mbele lina vioo. Juu ya mlango kuna picha kubwa ya simu."

"Simu?"

"Ni duka la simu, Anko. Jirani yake viatu. Ndani kuna ngazi za umeme."

"Na balkoni?"

"Sioni balkoni."

Alipumua kwa pua. Nilitaka kuzima, akanizuia kwa kiganja.

"Uchochoro. Kushoto, ukilitazama jengo. Kuna mlango mdogo wa mbao."

Niliirudisha video nyuma, nikaisimamisha. "Uchochoro upo. Mlango sioni. Kuna mraba wa matofali umepakwa rangi ileile ya chungwa. Mbele yake pikipiki mbili."

"Watu wanaingilia wapi?"

"Mbele."

"Wote?"

"Wote ninaowaona. Mama na watoto. Mzee mwenye kilemba. Mtu mwenye ndoo na ufagio mrefu."

"Mwenye ufagio naye kapita mbele?"

"Mbele, Anko. Kwenye vioo."

Hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo hakuwahi kulisema. Kwao watu huzaliwa na daraja zao, na jamii yake iliwekwa chini kabisa. Pale ukumbini hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Tiketi waliuziwa kama wengine. Lakini watu wake walipita uchochoroni na kukaa chini mbele, karibu na pazia, shingo zikiwauma. Yeye mwenyewe, miaka yote aliyowawashia watu picha, alipanda chumba cha mashine kwa mlango ule wa mbao.

"Mlango wa mbele hakuna aliyenikataza," akasema. "Hakuna aliyenikaribisha pia. Binti yangu hajui. Anafikiri nililipenda jengo zima."

Safari yake ilikuwa ya jambo moja: apite mbele, apande ngazi pana, akae balkoni. Miaka yote ile hakuwahi kukaa huko hata mara moja. Sasa mlango wa mbele umefunguliwa kwa kila mtu na balkoni haipo.

"Nitapita mbele nikanunue simu," akasema, akacheka. Kisha akalia, na nikakaa naye. Rangi hazikuwapo za kumtajia.

Binti yake aliporudi nilimweleza palepale mlangoni, kabla hajavua viatu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuomba jambo moja," akasema.

"Ndiyo, dada."

"Nenda nyumbani."

Wiki iliyofuata kampuni ilinihamishia kwa bibi mmoja wa Auburn. Sikulalamika. Binti wa Anko aliomba baba yake abadilishiwe mhudumu, na alikuwa na haki hiyo. Mama wa Uvira alinipakulia ugali. Maneno ya 'nilikwambia' aliyameza, na namshukuru kwa hilo.

Ikapita kama miezi miwili, binti akanipigia simu. Alisema baba yake hakugoma kula. Jioni ileile alimwita akamweleza habari ya mlango, na ilichukua siku nyingi kwisha, maana nyuma ya mlango kulikuwa na shule na kisima walikotengwa, na jina la ukoo walilobadilisha wasitambulike. Alikiri kilichomkasirisha zaidi ni kwamba mtu wa nje alijua kabla yake. Kisha sauti yake ikashuka.

"Lakini haulizi tarehe tena. Asubuhi anaamka, anakunywa chai, anakaa. Hangojei kitu."

Sikujua kama ni shukrani au lawama. Nadhani na yeye hakujua. Lile alilolihofia jikoni lilikuwa na ukweli ndani yake, na ukweli huo nilikuwa nimeupita mbio. Akanikaribisha niende Jumamosi, kama mgeni. Niliomba ruhusa kwenye kampuni, wakasema si mteja wangu tena, niende.

Tulikaa watatu sebuleni. Anko alitaka asimuliwe video ile upya, sasa ikiwa na sauti, na alitaka binti yake ndiye asimulie. Mpwa aliongea bila kupumua. Binti alisimulia kwa Kihindi, kwa haraka, na mara kwa mara mzee alimrudisha nyuma. Walipofika uchochoroni binti aliisimamisha picha mwenyewe. Alikaa akiutazama ukuta ule muda mrefu kuliko nilivyoutazama mimi. Kisha akamuuliza baba yake jambo, na akanigeukia kunitafsiria: amemuuliza, kama angefika balkoni, angekaa wapi.

Anko alijibu papo hapo, kama mtu aliyekwisha kuchagua zamani. Safu ya pili, pembeni, kwenye upepo wa feni. Na mkewe, mama wa binti huyu, akasema, akae upande wa ndani, kwa sababu anapenda kuegemea.