Ufunguo wa Kisima cha Mtaa

Wewe ungemkabidhi mtu maji yako kwa sababu tu anajua kusema?

Uchochoro mmoja wa Mji wa Kale ulimkabidhi Huzaifa. Kijana huyu ana digrii ya siasa na hana kazi, kwa hiyo kila jioni huwa barazani, kikombe cha kahawa mkononi, akiwafunza wazee jinsi madikteta wanavyozaliwa. "Hawaji na bunduki," husema. "Huja wakati watu wana dhiki, wakaahidi utaratibu." Wazee hutikisa vichwa, kisha huagiza kahawa nyingine.

Mwezi huu mifereji ilikauka. Watu wakarudia kisima cha zamani, na kisimani pakawa hapakaliki kwa kusukumana na kutupiana maneno. Huzaifa akapanda juu ya baraza. Alihutubu mpaka shati likamganda mgongoni: kisima kitiwe kifuniko na kufuli, ufunguo ukae kwa mtu mmoja asiye na upendeleo. Asiye na upendeleo, kwa bahati njema, alikuwa yeye.

"Na tukikuchoka?" akauliza Bi Mwanakuu, muuza mahamri.

"Bi Mwanakuu, shida kama hii haingoji maswali!"

Makofi yakarindima. Jibu lile lile aliwahi kuliandika chuo kikuu, kama mfano wa maneno ya madikteta, tena akalipigia mstari kwa wino mwekundu. Hakulikumbuka. Alilala na ufunguo shingoni, akijiona mkombozi.

Asubuhi yake alikuta foleni kisimani. Mbele alisimama Maalim Badawi, aliyemsomesha Kurani tangu alifu, ameshika ndoo tupu, anataka maji ya kutawadha. Mzee akainamisha kichwa kama mtu anayeomba.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba," akaitikia Huzaifa, kabla hajajua kinywa chake kinafanya nini.

Foleni nzima ikageuka kumtazama.

"Haya, tushatawaliwa," akasema Bi Mwanakuu. "Gunga! Lete msumeno wako wa chuma."

"Ngojeni, nafungua!" Huzaifa akaanza kupapasa shingo.

"Hatutaki kufunguliwa, mwanangu. Twataka kufuli litoke."

Gunga, fundi wa mageti, akapiga magoti na kuanza kukata. Kufuli likawa linacheza, msumeno unateleza.

"Lishike lisitikisike, mheshimiwa," akasema bila kuinua uso.

Huzaifa akachuchumaa, akalishika kwa mikono miwili.