Nilianika Macho ya Jirani Yangu Kwenye Intaneti

Usinionee huruma kabla hujanisikiliza. Hapa hakuna shetani aliyenipitia, wala pombe, wala marafiki wabaya. Ni mimi mwenyewe, na akili zangu timamu!

Naishi Kisumu Ndogo, Kibera. Kazi yangu iko kwenye duka la kompyuta kule Satellite, ukishapita Kawangware. Tunawachapia watu barua za kuomba kazi. Tangu tuvutiwe laini ya intaneti, wateja wakikosekana mimi ndiye mfalme wa kile kiti.

Hapo ndipo nilipoona maajabu. Kumbe kuna watu wanaandika maisha yao kila siku na dunia nzima inasoma! Mzungu mmoja wa Finlandi kazi yake ni kuandika habari za theluji na mbwa wake, basi. Wamarekani ni wao na wapenzi wao. Lakini kuna mwalimu wa Brazili aliyeandika kuhusu mtaro unaofurika mtaani kwake, akaandika na kuandika, mpaka majirani wakaona haya wakatoka na majembe. Kijana wa India naye alikuwa akitangaza nani anahitaji damu hospitalini, na watu wanakwenda kutoa. Nikajiuliza, kwani sisi Kibera hatuna la kusema?

Nikafungua ukurasa wangu, bila jina. Mwanzoni niliandika mambo ya maana: bomba lipi limekauka, choo kipi kimejaa. Hakuna aliyesoma! Ndipo nikaanza kuandika habari za majirani, na barua zikaanza kuingia, mara Kanada, mara Uholanzi. Sifa ni tamu jamani, zinalevya.

Jirani yangu wa karibu ni Mama Ochieng, muuza omena, vile vidagaa vya ziwani. Nilipofika Nairobi sina mbele wala nyuma, huyu mama ndiye aliyenilisha. Mwanawe Ochieng alikuwa Amerika akisomea uinjinia, amebakiza mwaka mmoja. Kati ya chumba changu na cha mama yake ni kartoni tu. Akikohoa kule, mimi huku nasema pole.

Jioni moja nilimsikia akiongea na Mama Mutua. Hao wawili walikuwa chanda na pete.

"Daktari amesema macho inaisha. Moshi imemaliza. Lakini Ochieng asijue, unaskia? Akijua ataacha masomo."

"Mimi nimwambie nani?" akajibu Mama Mutua. "Hiyo nitazikwa nayo."

Kesho yake nikaiandika. Yote!

Sikutaja jina, nikajiona mjanja. Nilisema tu kuna mama anayepima omena kwa mkebe wa gorogoro, kisha anaongeza konzi moja na kusema, "Hii ni ya paka wako," hata kama mteja hana paka. Nilidhani intaneti ni ya Wazungu. Nani wa Kibera angeisoma? Nikasahau kwamba mtu wa Kibera alikuwa huko huko Amerika, na upweke ulimfanya atafute habari za kwao.

Ochieng alirudi na begi moja. Masomo ameyaacha.

Nilisikia kila kitu kupitia ile kartoni.

"Nani alikwambia?"

"Mathe, nilisoma kwa intaneti. Ni wewe tu kwa hii dunia unalisha paka za watu."

"Yawa! Intaneti iko na masikio? Hii maneno nilimwambia mtu mmoja tu!"

Na huyo mtu mmoja, Mama Mutua, ana binti aliyesomea taipu. Basi, kesi ikaishia hapo. Mama Ochieng alimtukana rafiki yake mbele ya wapangaji wa ploti nzima. Mama wa watu akawa analia, "Sijasema! Mungu anaona, sijasema!" Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pangu. Nikatazama viatu vyangu.

Haikupita wiki, Ochieng akanifuata dukani. "Niaje bro. Wewe ni mtu wa kompyuta. Nisaidie nipate huyu mtu aliandika."

Nikamwambia haiwezekani. Alipotoka tu, nikaufuta ukurasa wote. Nilidhani najiokoa! Kumbe nimefuta ushahidi pekee wa nani aliandika, ambao ungemsafisha yule binti na mama yake.

Sasa Mama Ochieng haoni tena. Kijana wake anabeba mawe kwenye mjengo. Mama anapima omena kwa kupapasa, na konzi yangu bado anaiongeza. "Wewe peke yako ndio hujawahi niuza," ananiambia. Najuta! Omena zake nazila, kuzikataa siwezi, ataniuliza sababu. Nikihama pia wataniuliza sababu. Najiambia nikisema atabaki bila mtu wa kumwamini. Hicho ni kisingizio, nakijua.

Mama Mutua alihamia Kawangware. Anauza vyondo kando ya barabara ninayopita kwenda kazini. Kila asubuhi ananiita.

"Kijana wangu, macho yake inaendeleaje?"

"Iko sawa, Mama."

"Mwambie..." Halafu anatikisa kichwa. "Wacha. Usimwambie kitu."

Ndugu msomaji, kuandika habari za mtaa si vibaya, mimi nimeona kunavyowasaidia wengine. Lakini ukisikia la jirani kupitia ukutani, si lako! Ukitaka kuliandika, nenda kwanza ukabishe mlango wake, umuulize. Mimi sikubisha, na hatua zenyewe hazikuwa hata tatu.

Hata hili naliandika gazetini bila jina. Mmeona? Woga ni ule ule.

Jumapili, Ochieng akienda kutafuta vibarua, mama yake huniita nimsomee gazeti. Hataki niruke ukurasa hata mmoja. Sijui nikifika huu nitafanya nini.