Kiti cha Marehemu

Walimwita Mkate, kwa kuwa alisambaza mikate ya tanuri kwa baiskeli tangu ujana wake, na pia, walisema watani wake, kwa kuwa alikuwa mfupi na mnene kama mzigo wenyewe. Baiskeli aliirithi kwa kaka yake, mtu mrefu kupindukia, na kiti kilibaki palepale marehemu alipokiacha. Mkate akikanyaga, kiuno kiliyumba huku na huku kutafuta pedali, na mgongo ukivutika mikono ilipotafuta usukani.

"Baba watoto, kishushe hicho kiti," mkewe alimsihi.

"Kaka alikiweka kwa mkono wake. Mimi nani hata nikiguse?"

Fundi baiskeli naye akajaribu bahati yake. "Mzee, ni kulegeza nati moja tu." Mkate akaja juu, akamwambia azibe pancha iliyomleta na mengine amwachie mwenyewe.

Maumivu yalianza kiunoni, yakateremka mguuni. Akapaka dawa, akajifunga mkanda, akalala sakafuni. Yote aliyajaribu isipokuwa spana, kichwa ngumu yule! Asubuhi moja aliinama kuokota mkate ulioanguka, akashindwa kuinuka. Daktari akampiga marufuku kupanda baiskeli, na kazi ikaishia hapo.

Shemeji yake, mjane wa kaka, akaja kumpa pole. Aliposimuliwa habari ya kiti, alishika kichwa.

"Shemeji, kwani hukujua? Kaka yako alikuwa akikishusha kila nilipokwenda nayo sokoni baiskeli hii. Mimi si mfupi kama wewe? Nikirudi, anakipandisha. Wala hakuwahi kulalamika."

Miaka yote ile Mkate alidhani anamheshimu kaka yake, kumbe alikuwa anajiumiza bure.

Mkewe alitoka bila neno, akarudi na spana ya fundi. Alikishusha kiti mwenyewe, akaiegemeza baiskeli ukutani, kisha yeye na shemeji wakamshika Mkate makwapani wakampandisha. Mguu ukaifikia pedali ya chini bila kiuno kuyumba. Mikono ikaukuta usukani ulipo.

Machozi yakamtoka. Mkewe, akidhani ni maumivu, akataka kumteremsha.

"Niacheni kidogo," alisema Mkate. "Nikikaa hivi kiuno hakiumi."