Kikapu cha Simu cha Maweu

Gilbert Maweu alihudumu mezani katika hoteli moja ya Diani kwa miaka mingi bila kumdhuru mtu. Balaa lilianza hoteli ilipoanza kupokea wageni wa utulivu, watu waliolipa pesa nyingi ili wanyang'anywe simu mlangoni, zitiwe kikapuni, kisha wale wali wa nazi kimya kimya, wakitafuna kila tonge mpaka liwe uji. Maweu akawatazama, akaona hiyo ndiyo hekima aliyokuwa akiitafuta tangu atoke Ukambani.

Msimu ulipokwisha aliambiwa arudi nyumbani Ukunda, angepigiwa simu wageni wakirejea. Mtu mwingine angesema hana kazi. Maweu alisema amechagua maisha mepesi.

Basi akaanza kupunguza. Televisheni ikauzwa, akawa anatazama mpira kwa jirani yao Mbodze, ati huo ni ujirani mwema. Jiko la gesi likauzwa, kwa kuwa kuni zina utulivu wake. Moshi wa utulivu huo ukamwingia machoni mkewe Kavata, maana mpishi ni yeye. Simu yake mwenyewe pia aliiuza, na hotelini akaacha namba ya Kavata. Watu wa namna hii, bwana! Hawaachi kitu, wanahamia tu kwenye cha mwenzao.

Kavata alistahimili yote mpaka Maweu alipoikodolea macho friji. Friji ile alikuwa ameinunua yeye, kwa pesa za chama chake cha kuweka akiba na wanawake wenzake, na juisi ya ukwaju aliyoigandisha humo na kuiuza ndiyo iliyowalisha tangu kazi ikatike. Maweu alidai inanguruma, inamvuruga fikra. Akampata mnunuzi, naye akaahidi kuja Jumapili jioni. Kavata alilia kwa hasira, akamwambia mumewe kwamba akiuza friji ajue ameuza na chakula. Maweu akamshauri ale polepole, atashiba.

Jumapili hiyo akaalika waumini wenzake watokapo kanisani, waje wafundishwe kula. Miongoni mwao alikuwamo Duncan, mhudumu mwenzake, naye pia akingojea kuitwa kazini. Kikapu kikazungushwa. Kavata akatia simu yake. Duncan akasema yake ameisahau nyumbani. Wakakaa mbele ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, wakatafuna kama mbuzi.

Simu ikalia kikapuni.

Ukunda nzima ilijua kwamba meneja wa hoteli hapigi mara mbili. Asiyepokea, zamu humwendea mwingine. Kavata akainuka. Maweu akamzuia kwa kidole, macho kayafumba, wageni wote wakimtazama.

"Mama Nthambi," akamwambia mkewe taratibu, "keti. Dunia itangoja."

Simu ikanyamaza. Kabla Maweu hajameza, ikalia nyingine, ndani ya suruali ya Duncan. Duncan akatoka mbio, na wote wakamsikia dirishani akisema ndiyo meneja, kesho asubuhi, hapana, hana shughuli yoyote.

Maweu akakitupa kijiko, akakirukia kikapu. Akapiga namba ile, inatumika. Akapiga tena na tena, mbele ya wanafunzi wake, jasho likimtoka. Mwishowe akajibiwa kwamba nafasi ilikuwa moja, nayo imejaa.

Jioni mnunuzi akabisha hodi. Kavata hakumfokea mumewe. Alimfungulia mlango tu.

"Baba Nthambi," akamwambia, "mwambie mwenyewe."

Maweu akaitazama friji ikinguruma pale kwenye kona. Akasema haiuzwi.

Siku hizi utamkuta Kona ya Musa, ameshika kikapu kile kile, anauza juisi ya ukwaju iliyoganda. Mteja akimwuliza namba ya kulipia, anaitaja ya mkewe, tena kwa kupiga kelele, maana pale hapana utulivu hata chembe.